Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa hifadhi ya nyaraka: tufungulieni kasha mlilolifunga

Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga.

Kwa Mkurugenzi na Wajumbe wa Bodi,
Hifadhi ya nyaraka za kidijitali.
(Jina la taasisi nimeliacha kwa makusudi. Mnajijua, nami natafuta kusikilizwa, sitafuti kumwaibisha mtu.)

YAH: NAKALA ZA KIDIJITALI ZA NYARAKA ZA FAMILIA ZA PWANI AMBAZO WENYEWE HAWAZIPATI

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii ni ya sita. Mbili nilizileta kwa mkono masjala, zikagongwa muhuri wa kupokelewa huku natazama. Tatu nilizituma kwa baruapepe. Katika miaka yote hiyo nimepata jibu moja, la mstari mmoja, la Machi 2022, kwamba suala langu "linafanyiwa kazi". Mtu akishafika masjala mara mbili na kuambiwa arudi nyumbani akasubiri, anayo haki ya kusimama barazani akasema. Nami nasimama leo, kwa heshima yote, maana ninaloliomba si langu peke yangu. Nimezungumza na familia nyingine kumi za Tanga, Pangani na Mkinga mlizozitembelea katika mradi uleule, na hakuna hata moja iliyopata ilichoahidiwa.

Nianze na yaliyotokea, ili asiyejua apate kujua.

Mwaka 2013 maofisa wenu walifika nyumbani kwa shangazi yangu, dada yake baba, wakiwa na barua ya utambulisho na gari lililojaa vifaa. Walikuwa wamesikia habari za kasha la babu. Walikuwa vijana wenye adabu, na kazi yao waliijua. Sina neno baya juu yao. Walitandika kitambaa cheusi barazani, wakafunga kamera ikitazama chini, wakaweka taa mbili na kipande cha rula kando ya kila ukurasa, na kwa siku tatu wakapiga picha kila kilichokuwamo. Mimi ndiye niliyekuwa nikifunua kurasa. Shangazi aliwapikia wali na samaki wa kupaka siku zote tatu, na walipoaga akawapa nazi za kwenda nazo.

Kasha lile lilikuwa na vitu vya kila namna. Kulikuwa na chuo kimoja, yaani kitabu cha mkono, cha utenzi, kilichoandikwa kwa kalamu ya mwanzi kwa herufi za Kiarabu, jalada lake ngozi ya mbuzi, beti mia mbili na kitu alizotunga baba yake babu juu ya safari ya jahazi kwenda Pemba iliyokutwa na dhoruba. Kulikuwa na barua thelathini na moja kutoka Mombasa, Pemba na Pangani, nyingi zikihusu madeni, mirathi na harusi. Kulikuwa na daftari la mizigo la babu alipokuwa karani bandarini, lenye bei za mbata na mkonge. Karatasi za dawa za miti, jina la mti huku na ugonjwa kule. Kurasa nne za gazeti la Kiongozi, lililokuwa likichapwa hapahapa Tanga kuanzia 1904. Picha kumi na saba. Na kaseti mbili za nyimbo za harusi ambazo baba yangu alizirekodi miaka ya sabini. Kwa tabia ya ualimu niliandika hesabu kwenye daftari langu: mlipiga picha 412.

Makubaliano yalikuwa ya ukurasa mmoja, na nakala yangu ninayo, yenye muhuri wenu. Yana ahadi tatu. Familia itapewa nakala kamili ya kila kilichopigwa picha. Maelezo ya kila hati yataandikwa kwa Kiswahili kwa kushauriana na wenye hati. Na hati zitawekwa mahali ambapo Mtanzania yeyote ataweza kuzisoma. Kwa ahadi hizo tatu shangazi aliweka dole gumba.

Novemba 2023 zikaja mvua za El Niño. Bati la nyumba ya shangazi lilifumuka usiku upande wa chumba cha kasha, na kasha likalowa hadi asubuhi. Wino wa zamani wa masizi ukiingiwa na maji huweza kuondoka. Kurasa za katikati za chuo ziligandana zikawa kama mkate uliochovywa kwenye chai. Tulipozitenganisha kwa mgongo wa kisu, maandishi yalikuwa yamehamia ukurasa wa pili, yamegeuka nyuma mbele, wino juu ya wino.

Shangazi ana miaka themanini na minne. Utenzi ule aliusikia kila Ramadhani utotoni mwake, baba yake akiusoma barazani baada ya tarawehe, majirani wamekaa juu ya mikeka. Mwanzo wake anaujua kwa moyo. Siku tuliyoanika karatasi zile juani alianza kuughani, sauti imetulia, jahazi likatoka bandarini, tanga likapandishwa, na alipofika mahali upepo unapogeuka akanyamaza. Akarudi nyuma beti mbili, akaanza upya, akakwama palepale. Kisha akanitazama akasema, "Mwanangu, si wale vijana walipiga picha? Waambie wakusomee."

Ndugu Mkurugenzi, ukurasa huo mnao ninyi. Una namba, umo ndani ya mashine yenu, na huenda ndiyo nakala pekee iliyobaki duniani. Nina malalamiko matano.

1. Familia hazijapewa nakala. Hili ndilo jepesi kuliko yote, na ndilo linaloniuma zaidi. Nilifika ofisini kwenu na diski yangu mwenyewe, mpya, ndani ya pakiti yake, nikaambiwa mfumo hauruhusu kunakili. Nikauliza ni nani aliyeupangia mfumo hivyo. Ofisa akanijibu kwa upole kwamba hajui. Namwamini. Lakini mfumo hupangwa na mtu, na aliyeupanga yuko chini yenu.

2. Hati zetu zimeandikwa visivyo. Kwenye katalogi yenu chuo cha familia yetu kinaitwa "Hati ya Kiarabu, mwandishi hajulikani, Pwani, karne ya 19 au 20". Maneno matano tu ya mwanzo, na makosa ni mawili makubwa.

Kile si Kiarabu. Ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watu wa pwani kwa mamia ya miaka kabla ya herufi za Kirumi kushika shule. Mwenye kujua Kiarabu bila Kiswahili hawezi kukisoma. Herufi be ilibeba sauti ya b, ya p na mara nyingi ya mb. Fe ilikuwa f na v. Ghaini ilikuwa g na ng. Neno lilelile lililoandikwa, msomaji anaweza kulitamka "fua" au "vua", "goma" au "ngoma", na kinachomwambia lipi ni sahihi ni maana ya ubeti, vina vyake na masikio yaliyolelewa katika lugha. Aliyeandika katalogi aliona herufi, hakusikia lugha, akaandika "Kiarabu". Kwa neno hilo moja chuo chetu kimetoka katika fasihi ya Kiswahili. Mwanafunzi atakayetafuta tenzi za Kiswahili kwenye mashine yenu hatakiona kamwe.

Kosa la pili ni "mwandishi hajulikani". Kila aliyekaa na tenzi anajua kwamba mtungaji hujitaja mwishoni: jina lake, la baba yake, mji wake na mara nyingi mwaka wa Hijria. Baba yake babu alifanya hivyo katika beti nne za mwisho. Ukurasa huo niliufunua kwa mkono wangu mbele ya kamera yenu. Mtu alichukua tahadhari ili jina lake lisipotee, likavuka zaidi ya miaka mia moja, mchwa na vita viwili vikuu, halafu likapotea mezani kwa mtu aliyelipwa kulihifadhi.

Msiniambie wasomaji wa maandishi haya hawapo. Tanga ina madrasa kila mtaa. Wapo masheikh, wapo mabibi waliojifunza kusoma kwa vyuo hivi, wapo vijana wanaosoma herufi hizo tangu wana miaka sita na wanaozungumza Kiswahili cha pwani kwa kuzaliwa. Wakae na mtaalamu mmoja wa uhifadhi kwa wiki mbili, mtapata katalogi ambayo hamtaipata kwa mshauri mwelekezi yeyote. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa pwani yetu hii, alitunga utenzi wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, ile vita ya akina Abushiri iliyoanza 1888. Tunaujua leo kwa jina lake kwa sababu mtafiti J.W.T. Allen alikaa na watu wa huku waliojua kuusoma, na ukachapishwa 1955. Allen huyohuyo alizunguka akikusanya miswada na kanda kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikatoka 1970. Hapakuwa na kompyuta. Palikuwa na watu waliokaa jamvi moja na wenye vyuo.

3. Mlango wenu ni mwembamba kupita kiasi. Ili kuona picha za nyaraka za babu yangu natakiwa nisafiri hadi ofisini kwenu, nilete barua ya chuo kikuu, nilipe ada ya siku na nikae kwenye kompyuta moja iliyotengwa kwa wasomaji. Nilipokwenda mara ya kwanza ilikuwa mbovu. Mara ya pili aliyekuwa na nywila alikuwa likizo. Mimi sina chuo kikuu cha kuniandikia barua. Nilifundisha sekondari miaka thelathini na mbili. Shangazi hana hata hiyo. Katika masharti yenu yote hakuna mahali palipoandikwa "mwenye mali".

Niliwahi kufanya jaribio, miaka miwili kabla sijastaafu. Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani kina mkusanyiko wa Winterton, picha 7,610 za Afrika Mashariki za tangu 1860 hadi 1960, na kimeuweka wazi kwenye intaneti. Nilifungua picha hizo kwa simu mbele ya kidato cha tatu, kwa bando langu la siku. Vijana walizunguka ile simu wakitazama reli, bandari, mahamali, akina mama na kaniki zao, na mmoja ambaye muhula mzima hakuwahi kunyoosha mkono akaanza kuuliza: nani alipiga, waliopigwa waliombwa ruhusa, yule mtoto aliyesimama pembeni aliitwa nani. Sikuwahi kupata somo la historia lililokwenda kama lile. Nilitamani niwaonyeshe na picha kumi na saba za kasha letu, ambazo nne kati yake nawajua waliomo kwa majina. Sikuweza. Za Marekani nilizipata kwa dakika moja.

4. Kila kitu mmekiweka mahali pamoja. Ofisa wenu aliniambia kwa fahari kwamba hati zetu ziko salama kwenye seva iliyomo ndani ya jengo. Nikauliza, na nakala ya pili? Akasema ni diski iliyomo kabatini, chumba hichohicho.

Oktoba 2023, mwezi mmoja kabla kasha letu halijalowa, Maktaba ya Uingereza ilivamiwa na wahalifu wa mtandaoni. Ile ni moja ya maktaba kubwa kabisa duniani, yenye wataalamu na fedha ambazo sisi hatuna, na huduma zake za kidijitali zilivurugika kwa miezi mingi. Chini ya mpango wake wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza 2004, ndimo zilimo picha za miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu. Watu wa Lamu hawakupoteza kitu, kwa kuwa vyuo vyenyewe havikutoka Lamu: mpango ule hupiga picha hati zikiwa katika nchi yake, na asili hubaki kwa wenyewe. Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 18 Aprili 2021, moto wa mlimani uliingia chuo kikuu cha Cape Town ukaunguza ukumbi wa Jagger na sehemu kubwa ya vitabu na filamu za Afrika. Na wa zamani zaidi wanakumbuka Berlin ya Machi 1943, mabomu yalipoteketeza hifadhi ya mimea pamoja na sampuli nyingi zilizochumwa huku kwetu enzi za Wajerumani. Wataalamu wa mimea walibaki kutegemea pacha za sampuli hizo zilizokuwa zimepelekwa kwingine.

Hao wote walikuwa makini. Sisi tuna diski mbili, chumba kimoja, na bomba la maji juu ya dari. Bomba hilo nililiona kwa macho yangu.

5. Mmezitendea hati za kila namna kana kwamba zote ni karatasi. Kaseti mbili za baba yangu zimo kwenye katalogi yenu. Nilifurahi kuziona, nikaomba nizisikilize. Ofisa akafungua faili. Ilikuwa picha ya kaseti. Mlipiga picha ganda, upande A na upande B, na mwandiko wa baba kwenye lebo unasomeka vizuri kabisa. Sauti hamkuichukua. Utepe wa sumaku huchoka ukiwa umekaa tu, na joto na chumvi ya hewa ya Tanga huuharakisha. Humo mna sauti ya bibi yangu mzaa baba akiongoza vugo. Nimezipeleka kwa fundi wa redio wa hapa mjini mwaka jana. Moja imetoa nusu, nyingine utepe ulikatika mara ya pili alipouzungusha.

Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, iliyoko Makhanda, Afrika Kusini, inatunza nyimbo alizorekodi Hugh Tracey katika nchi nyingi za bara hili, zikiwamo za wasichana wa Kipsigis za mwaka 1950. Zaidi ya miaka sitini baadaye nakala zilirudishwa Kenya, kwa jamii iliyoziimba, na wazee waliokuwa hai wakazisikia. Ndivyo sauti inavyotunzwa. Vivyo hivyo karatasi za dawa za miti: mtu wa mimea angeziona angejua la kuuliza, kwani jina la mti la Kidigo na la Kibondei huenda yakawa yote mawili kwenye mstari mmoja. Ninyi mmeziandika "mbalimbali". Na daftari la bei, ambalo mwanauchumi angelitaka, nalo ni "mbalimbali".

Sasa niseme juu ya majibu ninayoyatarajia, maana mengine nimeshayasikia mlangoni.

Mtasema fedha. Najua bajeti za taasisi zetu, na sitaki kuwabebesha msichokiweza. Lakini picha 412 zinaingia kwenye diski moja ya dukani, na diski nilileta. Kusahihisha "Kiarabu" kuwa "Kiswahili" ni kazi ya dakika tatu. Kuweka picha nyepesi ambazo simu ya kawaida inaweza kuzifungua kutagharimu, ndiyo, na hapo tuko tayari kukaa nanyi tukatafute wa kusaidia.

Mtasema haki miliki. Sheria yetu ya 1999 inalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka hamsini baada ya kufa kwake. Baba yake babu alifariki kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Na kama kungekuwa na haki iliyobaki, ingekuwa mikononi mwa kizazi chake, ambacho ndicho kinachowaandikia.

Mtasema mradi ulifungwa na mfadhili ameondoka. Fomu ya shangazi haina muhuri wa mfadhili. Ina wa kwenu.

Mtasema faragha, na hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa hoja hii ina uzito. Kweli, katika nyaraka za pwani yamo mambo yanayouma. Yamo majina ya waliokuwa watumwa na waliowamiliki, zimo hati za uhuru za wakati wa Wajerumani, zimo kesi za mirathi ambazo wajukuu wake leo wanasalimiana msikitini. Katika barua zetu thelathini na moja zipo mbili ambazo mimi mwenyewe ningeomba zisiwekwe hadharani kwa sasa, kwa heshima ya jirani. Lakini ninyi mnajuaje ni zipi? Hamkuuliza. Mlichofanya ni kufunga zote, barua ya aibu na utenzi wa safari, picha ya harusi na bei ya mbata, kwa kufuli moja. Faragha italindwa na anayejua kilichomo, na wanaojua ni familia. Mkikaa nasi tutawaambia hii ifunguliwe leo, hii isubiri, hii aonyeshwe mwenye ukoo tu.

Na pengine mtasema sheria. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Namba 3 ya 2002, inahusu kumbukumbu za umma, na hata hizo haikukusudia zifungwe milele. Zetu ni za familia, tuliwaazima macho ya kuziona. Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge barua tangu 1931 hadi 1958. Zilibaki kwa mpokeaji na watu wake hadi zikachapishwa 2002, na leo hakuna anayeweza kuandika juu ya mtu huyo mkubwa wa Tanga bila kuzigusa. Zilitunzwa ndani ya nyumba. Tanzania hii ndiyo iliyoingiza nyaraka zake za Kijerumani katika Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO mwaka 1997, na maandishi ya Kiarabu ya Zanzibar mwaka 2003. Tunajua kuthamini. Ninaomba thamani hiyohiyo ifike kwenye kasha la mtu asiye na cheo.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, ninayoyaomba ni haya.

Ndani ya siku thelathini, kila familia kati ya kumi na moja ipewe nakala kamili ya picha zake, kwa ubora uleule zilizopigwa. Orodha ya familia na namba za fomu nimeiambatisha kwenye nakala ya barua hii iliyoletwa masjala. Kwa familia yetu naomba kwanza picha za chuo, kurasa za katikati, hata kama nyingine zitachelewa. Sababu mmeisoma hapo juu, na ana miaka themanini na minne.

Ndani ya miezi mitatu, iundwe kamati ndogo ya kusahihisha katalogi: wawili kutoka kwenu, wawili wanaosoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na mmoja wa familia. Sisi tutawapa chakula na mahali pa kukaa. Baraza lile lile lipo.

Kaseti na kanda zote za mradi zikusanywe na sauti zake zichukuliwe na mtu mwenye mashine inayofaa. Hili lisisubiri kamati.

Nakala ya tatu ya kila kitu iwekwe mkoa mwingine, nje ya jengo lenu.

Na hati ambazo familia zimeridhia zifunguliwe kwa umma, kwa simu, bila barua ya chuo kikuu na bila ada.

Nitakuwepo ofisini kwenu Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, na diski yangu. Nitakaa benchi la mapokezi hadi nionane na mtu mwenye mamlaka ya kusema ndiyo au hapana. Nikiambiwa hapana, naomba iandikwe kwenye karatasi, kwa sababu zake, ili nimsomee shangazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, Tanga
(jina, namba ya fomu na namba ya simu mnavyo kwenye jalada)

Nakala:
Familia kumi za Tanga, Pangani na Mkinga
Walimu wa historia wa sekondari, Tanga
Shangazi, kwa kusomewa